Kufuli la chumba cha karafuu kwa shilingi 60,000

Karafuu kavu haina alama ya mwenyewe. Ikishatoka kwenye gunia lako ikaingia la mtu mwengine, hakuna wa kuitambua. Kwa hiyo tangu siku ya kuanua majamvi mpaka siku ya kuipeleka kituoni ZSTC, shirika la serikali ya Zanzibar linalonunua karafuu, unategemea mlango tu. Chumba changu kipo nje kidogo ya Wete, kisiwani Pemba, mlango wake ni wa mbao nene ya milimita 38 na unafungukia nje. Nilikuwa na shilingi 60,000 za kuufunga, na jambo la kwanza nililoamua ni kutozimaliza zote kwenye kufuli.

Niliutazama mlango kama atakavyoutazama mwizi. Tumbuu, yaani pete ya chuma inayopitishwa kufuli, na ule ulimi wa chuma unaovikwa juu yake, vilishikwa kwa skrubu za inchi moja, vichwa vyote viko nje. Hapo mtu hana haja ya kugusa kufuli. Bisibisi inamtosha, au asukume mtarimbo chini ya ulimi, na skrubu zitatoka pamoja na nyuzi za mbao. Kufuli zuri juu ya skrubu kama hizo ni pesa iliyotupwa, na milango ya namna hii imejaa Pemba nzima.

Basi shilingi 24,000 zilikwenda kwa fundi wa kuchomea na kwenye bolti. Alikunja nondo ya milimita 10 akaichomea kwenye bamba la milimita 4, ikawa tumbuu. Ulimi ulikatwa kwenye bamba hilohilo, mrefu kiasi cha kufunika vichwa vyote ukishalazwa. Bolti ni za milimita 8, kichwa cha mviringo na shingo ya mraba, ili kwa nje pasiwe na pa kushika spana. Za mlangoni nilichukua urefu wa milimita 60: mbao 38, bamba 4, washa na nati kama 9, na ncha inayobaki hupondwa kwa nyundo ili nati isirudi. Fremu yangu ina unene wa milimita 75, kwa hiyo zake ni za 100. Pima kwanza ndipo ununue. Washa ya ndani iwe pana, milimita 30. Ukiweka ndogo, masika mbao ikishalowa nati huzama ndani yake, na bolti yote inaanza kucheza.

Mlango ukifungukia nje, bawaba nazo ziko nje, na pini zake hugongwa zikatoka kwa msumari na nyundo. Nilimwambia fundi atie doa moja la kuchomea kwenye kila ncha ya pini. Ni kazi ya dakika tano.

Ndipo nikaenda dukani na sumaku ndogo ya spika mbovu. Makufuli mengi yanayong'aa kama shaba ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba, na kwa hewa yetu ya chumvi kutu huanzia ndani, pasipoonekana. Sumaku ikiuganda mwili wa kufuli, lirudishe. Upinde wenyewe, yaani ule mkono unaopita kwenye tumbuu, huo ni wa chuma, sumaku itauganda tu.

Kisha tazama ufunguo. Kila bonde lililochongwa ni pini moja ndani. Mabonde matatu ni kufuli la sanduku la nguo, mimi nilitaka matano. Mwambie mwenye duka: "Niazime na la pili la aina hii, bwana," ujaribu ufunguo wa moja kwenye jengine. Makufuli ya rahisi yana michongo michache inayojirudia, na nililijaribu moja likafunguka kwa ufunguo wa jirani yake. Sikuuliza bei.

Fungua kufuli uutazame upinde. Uwe na pengo la kukamatwa pande zote mbili, siyo upande mmoja tu, kwani wa pengo moja aghlabu hushikwa na springi, na kipande cha bati jembamba huweza kuisukuma. Ukiruhusiwa, pitisha tupa kwenye sehemu ya upinde inayojificha ndani ya mwili. Mng'aro wa juu utakwaruzika, hilo lisikubabaishe. Tazama tupa ikipita mara ya pili na ya tatu: ikiteleza, chuma ni kigumu, ikiuma na kutoa unga, msumeno nao utauma.

Nilichukua la milimita 50, upinde wa milimita 8, kwa shilingi 28,000. La 60 lilikuwepo, lakini upinde wake mrefu uliacha nafasi kubwa juu ya tumbuu. Kidole kikipita hapo, na ncha ya mtarimbo itapita. Kufuli la namba nililipita, maana ya bei hii hufunguliwa kwa kuvuta upinde na kusikiliza kwa vidole.

Zilibaki shilingi 8,000. Nilichonga ufunguo mmoja wa akiba kutoka ule wa asili, kwani nakala ya nakala hukwama, na nikakata kipande cha tyubu ya baiskeli kikapigiliwa juu ya ulimi kifunike kufuli. Tundu la ufunguo litazame chini, mvua isikae ndani.

Mafuta ya nazi usiyatie. Yananata, yanakusanya vumbi la makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, na baada ya miezi michache pini hazishuki tena. Kwaruza risasi ya penseli iwe unga, ipake kwenye ufunguo, uingize na kutoa mara kumi. Kufuli lililokwisha kukwama lilaze kwenye mafuta ya taa usiku kucha, likung'ute, liache likauke kabisa, ndipo utie unga wa penseli.