Alisikia neno ambalo sikulisema

Naandika haraka kabla aibu haijanishika nikafuta. Kuna dada alikuja zahanati, muuza dagaa wa mwaloni Kirumba, lile soko la samaki ufukweni Mwanza, vigamba bado vimemganda mikononi, analalamika maumivu chini ya kitovu na uchafu unaotoka na damu. Hata hajakaa vizuri nimeshaandika kwenye daftari lake, zinaa. Yaani mwanamke, mwaloni, maumivu, nikajua tu. Kumbe kurasa za nyuma wenzangu nao waliandika hivyohivyo mara mbili, vidonge vilevile, na kila mara anaambiwa amlete mwenzie.

Sikumsema vibaya, niliongea kwa upole kabisa. Ila kuna kitu tulifundishwa semina, mgonjwa akurudishie kwa maneno yake alichoelewa, mi huwa nakiruka maana foleni haiishi. Siku hiyo sijui ilikuwaje nikamuuliza, "Dada yangu, ukifika nyumbani mama akikuuliza umeambiwaje, utamjibu nini?" Akaangalia chini. "Nesi kasema nina ugonjwa wa wahuni."

Jamani! Neno hilo halikutoka mdomoni mwangu. Kichwani lilikuwepo, nisidanganye.

Nikaweka peni chini, nikamsalimia upya kwa Kisukuma, mwangaluka mayu, akacheka kidogo ndo akafunguka. Mume alihamia kambini kisiwani tangu alipoitwa mara ya pili, eti yeye mzima, mwenye kutoka nje ni mke. Na kwao ni Misungwi, utotoni kutwa kwenye majaruba ya mpunga na kuoga lambo, na alikuwa anakojoa damu ila nyumbani walichukulia kawaida ya watoto. Kichocho! Mayai ya minyoo wa kichocho yanaweza kukwama kwenye mlango wa kizazi yakaleta vidonda, damu, hata ugumba, na hukipati kitandani, unakipata kwenye maji yenye konokono. Nikampa rufaa, huko wakamchunguza vizuri wakakuta mabaka kama mchanga, akapewa prazikwanteli. Dawa inaua minyoo, vidonda vya siku nyingi ni habari nyingine, hilo nilimwambia wazi.

Siku hizi swali la lambo naliuliza kabla ya lile la wapenzi wangapi.

Akaniomba nimwandikie mumewe. Fomu za kumwita mwenza tunazo bunda zima mezani, ya kumwambia kwamba sisi ndo tulikosea haipo, nikachana karatasi ya daftari langu nikaandika kwa mkono, akaikunja akaifunga kwenye pindo la kanga.