Waliomfutia Yesu Kabila Lake

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimekuwa na barua ya posa kabatini, na tangu iletwe usingizi wangu umekuwa wa mang'amung'amu. Kijana anayemtaka binti yetu ni mcha Mungu, ana kazi yake, na mshenga aliyemtuma alikuja kwa adabu zote. Lakini anatoka kwa watu ambao sisi na wao tumegombania malisho na mashamba tangu enzi za babu zangu. Mashangazi wamekwisha kusema lao. Nami, ambaye nimewafundisha akina mama wa usharika kwamba katika Kristo hakuna Myahudi wala Myunani, usiku nilikaa na Biblia nikitafuta mstari wa kunisaidia kukataa.

Mistari ipo. Ibrahimu alimwapisha mtumishi wake asimtwalie Isaka mke katika binti za Wakanaani. Ezra alirarua mavazi yake kwa habari ya wake wa kigeni. Kumbukumbu la Torati 23 inasema Mmoabi asiingie katika mkutano wa Bwana. Hoja za kuwapelekea wazee nilikuwa nazo. Kisha nikafungua Mathayo 1, nikayafuata yale majina ambayo wengi wetu huyaruka, mpaka mstari wa 5: "Boazi akamzaa Obedi kwa Ruthu." Ruthu Mmoabi, bibi yake Bwana wangu. Nasema kweli mbele za Mungu: nilitamani mstari ule usiwepo.

Ndipo nikakumbuka habari za Eisenach, tulizofundishwa nilipokuwa nasomea uinjilisti, na tangu usiku ule hazijaniacha.

Eisenach ni mji wa Ujerumani, na mlimani juu yake ipo ngome ya Wartburg. Walutheri wenzangu mnaifahamu tangu darasa la kipaimara. Humo Martin Luther alifichwa kuanzia Mei 1521, na humo akalitafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani cha watu wa kawaida, likatoka Septemba 1522, ili mkulima na mjakazi wasikie wenyewe Mungu amesema nini. Basi katika ngome hiyohiyo, tarehe 6 Mei 1939, viongozi wa kanisa na maprofesa wa theolojia walikusanyika kuzindua taasisi ya kuchunguza na kuondoa kila kilicho cha Kiyahudi katika maisha ya kanisa la Ujerumani. Makanisa 11 ya majimbo yalikuwa nyuma ya kazi hiyo. Aliyeiongoza kitaaluma ni Walter Grundmann, profesa wa Agano Jipya katika Chuo Kikuu cha Jena na mwanachama wa chama cha Nazi, kilichotawala Ujerumani chini ya Hitler.

Mwaka 1940 wakatoa Agano Jipya lao, wakaliita Ujumbe wa Mungu. Ukoo wa Yesu uliondolewa. Ibrahimu hayumo, Daudi hayumo, Ruthu hayumo. Maneno ya manabii ambayo Mathayo anayataja kila mara kwa kusema "ili litimie neno" yakakatwa, na Injili zikapangwa upya hata Yesu akaonekana ni mtu aliyekuja kupigana na Wayahudi, kana kwamba hakuzaliwa kwao. Mwaka huohuo Grundmann aliandika kitabu cha kudai kwamba Yesu, kwa kuwa alikuwa Mgalilaya, yaelekea hakuwa Myahudi kabisa. Mwaka 1941 kikafuata kitabu chao cha nyimbo, na humo "Haleluya" na "Hosana" zikafutwa kwa sababu ni Kiebrania. Fikirini kwaya zetu bila Haleluya! Nakala zipatazo 200,000 za Agano Jipya hilo zilienea, zikasomwa makanisani na majumbani, na watu wakaitikia Amina.

Walifanya kama mtu anayechagua mchele, ila walichokuwa wakitupa nje ya ungo wakidhani ni mawe ndicho chakula chenyewe.

Jambo hili halikuanza siku moja. Tarehe 13 Novemba 1933, katika ukumbi mkubwa wa michezo wa Berlin, mbele ya watu wapatao 20,000, kiongozi mmoja wa wale waliojiita Wakristo wa Kijerumani, Reinhold Krause, alidai kanisa liachane na Agano la Kale, akilidharau kuwa ni hadithi za wachuuzi wa ng'ombe. Wapendwa, sisi tuliokulia kwenye zizi tunamwelewa Yakobo na Labani kuliko profesa yeyote, na Mungu hakuona haya kuitwa Mungu wa wafugaji wale. Wengi waliosikia hotuba ile walishtuka wakajitenga na kundi hilo. Lakini miaka ikapita, na yale yaliyokuwa kashfa ukumbini yakaja kuwa kazi ya ofisini, yenye bajeti, kamati na mihuri ya kanisa. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Novemba 1938 masinagogi yaliteketezwa Ujerumani nzima, na askofu wa Thuringia, Martin Sasse, ambaye kiti chake kilikuwa hapohapo Eisenach, akachapisha kijitabu cha kushangilia kwamba yameungua siku ya kuzaliwa kwa Luther. Askofu! Tena aliyoyanukuu ni maneno ya Luther mwenyewe, kwa maana Luther uzeeni, mwaka 1543, aliandika juu ya Wayahudi maneno mabaya sana, na sisi tunaobeba jina lake hatuna ruhusa ya kuyanyamazia.

Miezi sita tu baada ya moto ule, taasisi ikazinduliwa. Kwanza Wayahudi walichomewa nyumba za sala, kisha wakafutwa katika Injili, na wakati Ujumbe wa Mungu unasomwa makanisani, treni zilianza kuwapeleka kwenye mauti.

Naomba msidhani watu hao walikuwa maadui wa kanisa. Walibatiza, walizika wafu, walishika meza ya Bwana. Walikuwa na wasiwasi kwamba taifa linasonga mbele na kanisa litaachwa nyuma, wakataka kumwonyesha mtawala kwamba Mkristo naye ni mzalendo kamili. Na mtawala mwenyewe hakuwa na shukrani nao, wala hakuihitaji Biblia yao. Wakampoteza Yesu wa Nazareti kwa ajili ya sifa ambazo hawakuzipata.

Mambo ya namna hii hayakuwa ya Wajerumani peke yao. Mwaka 1807 ilichapwa London Biblia ya kuwafundishia watumwa Waafrika wa visiwa vya Karibi vilivyotawaliwa na Uingereza. Sehemu kubwa sana ya Agano la Kale haikuwemo. Habari ya Musa kuwatoa Waisraeli utumwani iliachwa nje, na Wagalatia 3:28 pia, panaposema hakuna mtumwa wala huru, lakini "enyi watumwa, watiini" ikabaki. Na China, mwaka 2020, kilijulikana kitabu cha kiada cha vyuo vya ufundi chenye habari ya mwanamke aliyefumaniwa, na humo Yesu anangoja umati uondoke kisha anampiga mawe yeye mwenyewe ili sheria isimame. Kila penye mkono wa namna hiyo, mstari unaoguswa kwanza ni ule unaomtetea mtu ambaye wakubwa hawamtaki.

Sasa nirudi kwenye Neno. Yeremia 36 mnaijua. Mfalme Yehoyakimu ameketi katika nyumba ya wakati wa baridi, makaa yanawaka mbele yake, na mtumishi wake aitwaye Yehudi anamsomea gombo la Yeremia. Kila zikisomwa kurasa tatu nne, mfalme anazikata kwa kisu na kuzitupa motoni, mpaka gombo lote likaisha. Maandiko yanasema hakuna aliyeogopa, wala aliyerarua mavazi yake, yeye mfalme wala watumishi wake. Watatu tu walimsihi asilichome: Elnathani, Delaya na Gemaria. Hakuwasikia. Halafu Bwana akamwambia Yeremia atwae gombo jingine, na Baruku akaandika yote yaliyochomwa, yakaongezwa mengine mengi ya namna ileile. Yehoyakimu alitaka neno lipungue, likaongezeka.

Kinachonitisha katika sura ile ni kile kisu. Mfalme hakukasirika akalitupa gombo lote kwa mkupuo mmoja. Alisikiliza, akakata, akasikiliza tena, akakata. Mtu anaweza kuhudhuria ibada kila Jumapili kwa namna hiyo. Unasikiliza vizuri kabisa, na kila linalokugusa unalikata hapohapo kitini, na ukifika nyumbani Biblia yako imebaki na zaburi za faraja na ahadi za baraka. Hakuna aliyebadilisha tafsiri. Maandishi yapo yote. Lakini moyoni mwako kuna toleo lako, na katika toleo hilo jirani fulani hayumo.

Ndugu zangu, niseme waziwazi, na mnaonisoma mnajua ninasema na nani. Katika sharika zetu tunamaliza sala ya Bwana, tunatoka nje, na chini ya mwembe tunahesabu kabila za wazee wa kanisa. Mchungaji akihamishiwa kwetu, swali la kwanza halihusu mafundisho yake, linahusu kwao ni wapi. Uchaguzi wa kanisa ukikaribia, simu zinapigwa usiku kwa lugha ya nyumbani. Mgeni akija kutoka upande ule mwingine tunampa kiti cha nyuma na tabasamu. Na wakati wa uchaguzi wa nchi tunasoma Warumi 13, ile ya kuitii mamlaka, kwa sauti kubwa kama anayetawala ni wetu, na Amosi, nabii aliyewakemea wakubwa, tunamfungua pale tu anapotawala mwingine. Hicho ni kisu cha Yehoyakimu. Ni kazi ya Eisenach, ingawa haina jengo wala muhuri. Acheni! Nasema kwa machozi, acheni, kwa sababu Bwana tunayemwita ana kabila lake, na si letu. "Usilie, tazama, Simba aliye wa kabila la Yuda, Shina la Daudi, yeye ameshinda." Wale profesa walilifuta kabila hilo ili wamwingize Yesu katika lao. Tukimfanya Yesu kuwa wa ukoo wetu, tutakuwa na mungu wa ukoo, na mungu wa ukoo hana damu ya kumwokoa mtu.

Yeye mwenyewe alimwambia mwanamke Msamaria, "wokovu watoka kwa Wayahudi." Neno hilo lilikuwa mwiba kwa watu wa Wartburg, na ni mwiba kwa kila mtu anayedhani Mungu alianzia kwao. Mimi na wewe tumeingia kama matawi ya mzeituni mwitu. Paulo anatuambia, "si wewe ulichukuaye shina, bali ni shina likuchukualo wewe." Jina langu limeandikwa mbinguni kwa fadhili ya familia ya kigeni iliyokuwa na Rahabu wa Yeriko na Ruthu wa Moabu ndani yake. Ningewezaje kumfungia mtu mlango kwa sababu babu yake alilisha ng'ombe katika shamba la babu yangu?

Kwa hiyo juzi nilimwambia baba yake binti kwamba barua ijibiwe, waje. Hakusema neno kwa muda, kisha akaniambia niandae mbuzi. Mashangazi bado wamenuna na nawaombea. Moyo wangu wenyewe haujawa mwepesi. Bado kuna asubuhi naamka nikiwa na orodha ya makosa ya watu wale, na inanibidi nirudi tena katika mstari wa 5 na kuusoma kwa sauti.

Wapo waliosoma Biblia kwa namna nyingine katika nchi ileile ya Grundmann. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji kijana, alipigia mstari katika Biblia yake Zaburi 74, pale panaposema mahali pa mikutano ya Mungu pamechomwa moto katika nchi, na pembeni akaandika tarehe: 9.11.38. Wenzake walikuwa wakikata ukurasa, yeye alikuwa akiandika kando yake kilichowapata jirani zake. Mwaka 1940 akatoa kitabu kidogo cha kuwafundisha Wakristo kuomba kwa Zaburi, sala za Israeli, wakati wale wa Eisenach wanazitupa. Alikamatwa 1943 na kunyongwa katika kambi ya mateso ya Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945. Grundmann alipoteza uprofesa wake baada ya vita kwa sababu ya chama chake, lakini kanisa lilimpokea tena, akafundisha Eisenach hapohapo, na vitabu vyake vya kufafanua Injili vikaendelea kutumika kwa miaka mingi. Tarehe 6 Mei 2019, miaka 80 kamili, makanisa yaliyorithi yale ya zamani yaliweka mnara mjini humo wenye maneno ya kukiri kwamba walipotea.

Miaka 80, wapendwa. Sisi tusingoje wajukuu wetu waje kutubu kwa niaba yetu. Jumapili hii, baada ya ibada, mtafute yule ambaye mmepishana naye kwa ajili ya kwao ni wapi, umsalimu kwa jina lake, ukae naye. Na katika sala ya nyumbani someni Mathayo 1:1-17 pamoja na watoto, majina yote, hata yanayowashinda kutamka. Mtoto akiuliza Ruthu ni nani, mwambie mambo yote, na Moabu usiiache.

Tuombe. Bwana Yesu, mwana wa Daudi, mwana wa Ibrahimu, tusamehe kwa kila neno lako tulilolisikia tukalikata. Wakumbuke wana wa Israeli, taifa lako kwa jinsi ya mwili. Ziponye sharika zetu ambazo zimegawanyika kwa kabila, hasa zile zinazoingia kwenye uchaguzi mwaka huu, na uwape wachungaji wetu ujasiri wa kusoma mistari ambayo sisi hatupendi kuisikia. Amina.