Karatasi za mionzi zisitupwe

Kila ninapokutana na familia ya hapa Lubumbashi iliyovuka mpaka wa Kasumbalesa kumpeleka mgonjwa wao Lusaka kwa tiba ya mionzi, huwa ninauliza, baada ya kujuliana hali, karatasi za matibabu zimewekwa wapi. Wengi hushangaa, maana mgonjwa amepona na hakuna anayependa kuziona tena.

Ninauliza kwa sababu mionzi inayoua saratani inaweza, mara chache, kuzaa nyingine. Inapopita mwilini hukata vinasaba vya chembe zote zilizo njiani, hata zile zenye afya. Nyingi kati ya hizo hujirekebisha au hufa, lakini chache hujirekebisha vibaya na kuendelea kuishi na kasoro hiyo. Saratani ya damu yaweza kujitokeza ndani ya miaka michache, ilhali uvimbe wa kibofu, wa utumbo au wa titi kwa kawaida huchukua miaka 10 au zaidi, wakati ambao daktari wa kwanza huenda ameshastaafu. Msichana aliyepigwa mionzi kifuani kwa sababu ya limfoma ya Hodgkin, yaani saratani ya tezi za limfu, anastahili kuchunguzwa matiti mapema kuliko wenzake, na mvutaji sigara aliyepata mionzi hiyo hujiongezea hatari ya saratani ya mapafu maradufu na zaidi.

Asitokee mtu wa kuikataa mionzi kwa kusoma haya. Uchambuzi wa kumbukumbu za wagonjwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011 ulikadiria kwamba, kati ya watu wazima 1,000 waliotibiwa kwa mionzi, saratani za ziada zilizotokana nayo zilikuwa kama 5 tu katika miaka 15. Saratani ya shingo ya kizazi isiyotibiwa haimsubiri mtu miaka 15.

Tangu mwaka 1948, madaktari huuliza maswali yale yale kabla ya kuilaumu mionzi: je, uvimbe umeota pale ilipopita, miaka imepita, na ni wa aina tofauti na ule wa kwanza? Bila karatasi, swali la kwanza halijibiki. Mama yangu mdogo, aliyetibiwa shingo ya kizazi, alizihifadhi zake ndani ya bahasha ya plastiki pamoja na kadi ya ubatizo. Miaka mingi baadaye alipoona damu kwenye mkojo, tulimtafutia mtu wa kuzitafsiri kutoka Kiingereza hadi Kifaransa, na daktari wa hapa, alipoona kwamba kibofu kilikuwa katika njia ya mionzi, aliagiza kibofu kichunguzwe kwa kamera siku ile ile badala ya kumpa dawa za maambukizi na kumrudisha nyumbani. Haikuwa saratani bali majeraha ya mionzi, tunamshukuru Mungu, na anaendelea kufuatiliwa.

Kwa hiyo kabla ya kupanda basi la kurudi, ombeni muhtasari wenye mhuri unaotaja aina ya saratani, sehemu iliyopigwa, jumla ya dozi kwa gray (kipimo cha mionzi), idadi ya vipindi, tarehe, na dawa zilizoambatana nayo. Toeni nakala mbili, moja ikae kwa ndugu wa nyumba nyingine.