Tulipu iliyolala na maziwa

Aliyenishauri, nilipokuwa nachora ua la tulipu, nipake petali nzima nyekundu halafu nichore michirizi myeupe juu yake, Mungu amsamehe. Karatasi tatu nzito, zile za pamba zisizo bei ya mchezo, zimeishia kwenye pipa la taka. Nyeupe ikigusa nyekundu iliyo chini, zinachanganyika. Nilichopata kilikuwa na rangi ya sharubati ya tikitimaji, tena iliyomwagika.

Nilitaka tulipu ya miali, yaani yenye michirizi kama ndimi za moto, kama zile alizochora mchoraji Jacob Marrel miaka ya 1640 hivi. Kitabu chake cha tulipu kipo Rijksmuseum, jumba la makumbusho la Amsterdam, Uholanzi, na picha zake unazipakua bure. Nikakuza petali moja hadi ikajaa kioo cha kompyuta, nikaitazama mpaka macho yakaniwasha. Kumbe nyekundu ndiyo iliyo juu! Vistari vyembamba kama nyuzi za unyoya, kimoja kimoja.

Na ua lenyewe ndivyo lilivyo. Chini petali ni nyeupe au njano, na kirusi kinachosambazwa na vidukari ndicho kinachozuia nyekundu isienee sawasawa. Wakulima wa enzi hizo hawakujua. Sababu ilikuja kujulikana miaka ya 1920. Waholanzi walikuwa wakitoa maelfu ya gilda, pesa yao ya zamani, kwa kitunguu kigonjwa cha kuotesha tulipu, hadi Februari 1637 soko lilipoporomoka. Wauzaji walihitaji picha hizo, maana kitunguu cha tulipu ukikishika mkononi hakikuambii lolote kuhusu ua lake.

Basi nikaiacha karatasi iwe ndiyo nyeupe yangu. Brashi namba 0, rangi kidogo, unaipangusa kwanza mgongoni mwa mkono hadi ikaribie kukauka, ndipo unavuta kutoka ukingoni kwenda ndani. Mkono wangu mpaka leo una wekundu.

Ila kuna jambo hakuna aliyenionya: tulipu haitulii. Ukishaikata bado inarefuka, inageukia dirisha, na chumba kikipata joto inafunguka. Nilichora shina asubuhi; narudi baada ya chai, ua linanitazama kutoka upande mwingine, limeachama kama linapiga miayo. Nikafuta. Nikachora upya. Likahama tena. Siku ya tatu nikapata akili: nachora dakika ishirini, kisha ua na glasi yake ndani ya friji, mlangoni, kando ya maziwa. Likijikunja, natoa, naendelea. Usiku linalala humohumo.

Mama Salma akafungua friji alfajiri atengeneze uji. Kimya. Kisha: "Baba Salma, hili ua limekosa nini hadi limefungwa?"

Siku nne, ua moja la euro chache za sokoni. Petali zimetoka, nasema bila aibu. Jani la kushoto limekaa kama ulimi wa ng'ombe. Mama Salma kaibandika picha kwenye mlango wa friji, eti nyumbani kwake ni hapo.