Pikseli nne za weusi

Saa 12:20 asubuhi

Kabla ya mswaki, simu. Usiku nilikuwa nimetuma badiliko dogo likapimwe na mashine za majaribio za Mesa, nikataka kuona kama limepita. Limeanguka. Nimesoma kumbukumbu ya majaribio nusu nusu, jicho moja limefumba: ubao mmoja (kompyuta ndogo ya kujaribia) huko ughaibuni umegoma kuwaka, basi na kazi yangu imehesabiwa imefeli. Nimelirudisha kwenye foleni, nikaenda kuswaki.

Kwa asiyejua ninachofanya: mchezo au ramani unayofungua kwenye kompyuta ya Linux haiongei na chipu ya michoro ana kwa ana. Inasema "nichoree pembetatu hii, nipakie rangi ile", halafu kuna mkalimani anayegeuza maneno hayo kuwa amri za chipu husika. Mkalimani huyo ndiye draiva. Mesa ni nyumba ya wakalimani wengi wa namna hiyo. Brian Paul aliianza mwaka 1993, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Mimi nimepanga chumba cha Panfrost, draiva ya chipu za Mali, zile zilizojaa kwenye simu, visanduku vya TV na laptopu ndogo za bei nafuu. Panfrost iliingia Mesa mwaka 2019, na mwanzoni iliandikwa bila kitabu cha mtengenezaji. Watu waliendesha draiva iliyofungwa, wakachungulia inaandika nini kwenye kumbukumbu, wakabadilisha kitu kimoja kimoja hadi wakaielewa lugha yake. Mpaka leo kuna sehemu za msimbo zenye jina la "haijulikani", na namba tu.

Saa 2:15

Chapati mbili za mama wa kona.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ulilala saa ngapi wewe, macho mekundu hivyo?"

Nimecheka tu. Nyumba ya jirani fundi vigae keshawasha grenda, kwa hiyo leo ni vipokea sauti siku nzima. Tabata ndiyo ilivyo, kila mwezi kuna mtu anakarabati.

Kwenye barua kuna ripoti mpya kutoka Brazili. Mtu ana laptopu yenye Mali-T760, na amepiga picha ya skrini kwa simu kwa sababu kila akipiga picha kwa programu ya kompyuta yenyewe, tatizo halionekani. Pale chini kulia, saa ya mfumo imezungukwa na fremu nyembamba nyeusi. Si nene, kama wanja. Anasema toleo la nyuma lilikuwa zima, hili jipya ndilo lina wanja.

Ripoti kama hii ni zawadi. Kasema lini ilikuwa nzima, lini imeharibika, na kioo chake ni cha ukubwa gani: pikseli, yaani nukta za rangi, 1366 kwa 768. Nyingi tunazopata husema "haifanyi kazi" na kuishia hapo.

Saa 3:10

Nimewasha ubao wangu wenye Mali, nikaunganisha kioo cha 1920 kwa 1080, nikafungua kila kitu ninachokijua. Hakuna wanja. Nimeendesha mchezo wa magari, hakuna. Nusu saa imekwenda hivyo, ndipo nikatanabahi kwamba michezo huchora skrini yote upya kila fremu, yaani kila picha moja ya mwendo, na mfumo wangu wa madirisha ni mvivu, nao huchora yote. Nimeweka mfumo uleule anaotumia yeye, nikalazimisha kioo kiwe 1366 kwa 768.

Sekunde moja, saa ikabadilika, wanja huo.

Saa 4:30

Sasa kumtafuta mkosaji. Kati ya toleo zima na bovu kuna mabadiliko kama 1,500. Husomi yote. Unaiambia git, programu inayotunza historia ya msimbo, ikupe lile la katikati, unakompaili (unageuza msimbo kuwa programu), unajaribu, unasema "zima" au "bovu", inatupa nusu, inakupa katikati nyingine. Mara 11 umemaliza. Nakompaili kwenye mashine kubwa halafu naihamishia kwenye ubao, maana ubao wenyewe ungenikomesha hadi keshokutwa.

Hatua ya saba, giza. Si mgao, LUKU imeisha, na mwenye kosa ni mimi niliyeona taa nyekundu jana nikasema kesho. Nimenunua kwa simu, nimeingiza tarakimu 20 huku fundi wa jirani ananiangalia juu ya ukuta: "Vipi mtaalamu, na wewe umekatika?" Uzuri, git huandika kwenye diski ilipofikia. Umeme umerudi, nikaendelea na hatua ya saba kama hakuna kilichotokea.

Hatua ya 11. Mkosaji ni badiliko la mwezi uliopita, na jina la mwandishi ni langu.

Saa 7 mchana

Wali maharage, na aibu kidogo. Kikao cha video na wenzangu wa Ulaya kimeangukia katikati ya sahani. Nimewaambia mapema kabla hawajauliza. Mmoja kaniambia yeye wiki jana alijikuta katika kosa lake la miaka mitatu nyuma. Tumeendelea na ajenda.

Saa 8:20

Hapa ndipo raha ya kazi hii ilipo, kwa hiyo mnivumilie.

Mali haichori skrini nzima kwa mkupuo. Inaigawa vigae vya pikseli 16 kwa 16, inachora kigae kimoja ndani ya kumbukumbu ndogo iliyo kwenye chipu yenyewe, ikimaliza inakimwaga kizima kwenye RAM, kumbukumbu kuu ya kompyuta. Kama kigae kilikuwa na picha ya zamani inayotakiwa kubaki, lazima isomwe kwanza kutoka RAM, la sivyo kitamwagwa bila hiyo. Pikseli moja ni baiti 4, basi kigae kimoja ni kilobaiti moja kamili, na kusoma huko kunakula muda na betri.

Mfumo wa madirisha nao huja na ahadi: "Fremu hii nachora upya mstatili huu tu, kwingine acha kulivyo." Njia yangu ya mkato ilikuwa kuitumia ahadi hiyo. Vigae vilivyo ndani ya mstatili visisomwe, maana vitafunikwa hata hivyo.

Nimechapisha mstatili wa saa. Kushoto unaanza pikseli 1284, kulia unaishia 1358. Gawanya kwa 16: 80.25 na 84.875. Msimbo wangu ulishusha ya kwanza hadi 80 na kupandisha ya pili hadi 85, yaani ulipanua mstatili hadi mipaka ya vigae, kutoka 1280 hadi 1360. Kwa hiyo kuna pikseli 4 upande wa kushoto ambazo hakuna aliyezichora na hakuna aliyezisoma. Kulia ziko 2. Nimekuza picha ya Mbrazili, nikahesabu kwa kidole kwenye kioo. Nne. Mbili.

Kupanua kuko sahihi ukiuliza "vigae gani vitaguswa?" Nilichotakiwa kuuliza ni "vigae gani vitafunikwa vyote?", na jibu la swali hilo ni kupunguza: kushoto pandisha, kulia shusha. Maswali mawili, mimi nikatumia kipimo kimoja.

Na baada ya kurekebisha nimecheka peke yangu. Kwenda juu, saa ile inaanzia 740 na kuishia 764. Ukipunguza, 740 inapanda hadi kigae cha 47, 764 inashuka hadi 47. Hakuna kigae kilichobaki katikati. Yaani kwa saa ile, mkato wangu wote haukuwa na cha kuokoa hata kilobaiti moja. Ulikuwa unaharibu bure. Bado una faida kwa dirisha la video: la 640 kwa 360 lililokaa sawa na vigae linaacha kusoma vigae 880 kila fremu. Nimeuacha.

Mistari minne imebadilika. Maelezo ya badiliko ni aya tatu, na chini nimeandika `Fixes:` na namba ya badiliko langu bovu, ili wanaotunza matoleo ya nyuma walichukue. Nimeongeza na jaribio lenye mstatili usiolingana na vigae, ambalo ningeliandika mwezi uliopita tusingekuwa hapa.

Saa 10 jioni

Kazi ya pili, ya kasi. Programu ya ramani inakwenda fremu 22 kwa sekunde kwenye ubao huu. Nilirekodi amri zake juzi kwa apitrace, na leo nimeziona: katikati ya fremu inapakia maandishi mapya kwenye picha ambayo michoro iliyotangulia bado inaihitaji. Draiva, kwa uaminifu wake, inasimamisha kila kitu, inamwaga skrini kwenye RAM, inangoja, inapakia, halafu inaisoma skrini tena. Skrini ya 1920 kwa 1080 ni megabaiti 8.3. Kumwaga na kusoma, 16.6. Mara tatu kwa fremu, na ungetaka fremu 60 kwa sekunde: karibu gigabaiti 3 kila sekunde za kupanda na kushuka ngazi bila kubeba kitu.

Dawa ni kutosubiri. Tengeneza nakala ya ile picha, amri za zamani zibaki na ya zamani, mpya zitumie mpya. Ila nakala nayo ina bei. Picha ikiwa kubwa mno, kunakili kunazidi kusubiri. Jioni nzima imeishia kutafuta mpaka huo. Chumba kina joto la Februari, ubao ukichemka unajipunguza kasi wenyewe, na namba zinanidanganya. Nimefunga mwendo wa chipu usipande wala kushuka, nimeelekeza feni ya mezani kwenye ubao badala yangu, nimepima mara tano tano. Fremu 41. Sitatuma leo, nataka nione kwanza michezo mingine haijaumia.

Saa 12:30

Grenda imenyamaza. Nimetoka kunyoosha mgongo, fundi ananionyesha sebule. Ukutani, mwisho wa safu, vipande vyembamba alivyokata kwa mkono kwa sababu chumba hakigawanyiki kwa kigae. Nimemuuliza huwa anaanzia wapi kupima. "Katikati, kaka. Ukianzia ukutani utajuta."

Saa 1:47 usiku

Mbrazili kajaribu tawi langu, yaani nakala ya msimbo yenye marekebisho, kabla hata halijaunganishwa na Mesa. Hakuandika kitu, katuma picha tu, kona ya chini kulia, imepigwa kwa simu tena. Saa yake inasoma 13:47, safi, bila wanja. Nimeangalia ya kwangu.