Akeyo ya Saa Moja

Nilimpa mama mmoja nne kwa kumi kwenye ladha. Niliandika kwa kalamu ya bluu, nikaikunja ile fomu mara mbili na kumkabidhi kijana aliyekuwa akizikusanya. Mpaka leo naiona ile nne ilivyokaa kwenye kisanduku chake.

Ilikuwa Agosti 2018, Kisumu, kwenye bustani ya hoteli moja inayotazama ziwa. Kituo kimoja cha runinga kilikuwa kinarekodi shindano la mapishi. Washiriki walikuwa 8 na majaji tulikuwa watatu: mpishi mkuu aliyetoka Nairobi, mtangazaji, na mimi, mwalimu wa upishi katika chuo cha ufundi pale mjini. Waliniita kwa sababu walitaka mtu anayekijua chakula cha huku. Nilifurahi mno. Nilishonesha gauni jipya kwa ajili ya siku hiyo.

Sheria zilisomwa asubuhi kabla taa hazijawashwa. Kila mshiriki ana dakika 60. Chakula kianze na kiishe mbele ya kamera. Hakuna kuingia na kitu kilichopikwa nyumbani. Alama ni kumi za ladha, kumi za mwonekano, kumi za ubunifu. Nilizisikiliza nikaona ni sheria nzuri, na ile ya kutoleta chakula kutoka nyumbani bado naielewa. Bila hiyo, mtu ataleta mchuzi uliopikwa na dada yake kisha aje kuuchemsha tu mbele yetu.

Mshiriki wa tano alikuwa mama mwenye kibanda cha samaki upande wa Dunga, umri wake karibu na wa mama yangu mzazi. Alifika amekumbatia chungu kilichofungwa kwa leso. Ndani mlikuwa na akeyo aliyoianza siku mbili kabla. Akeyo ni ile mboga ambayo Kiswahili huiita mgagani. Kwetu Vihiga ni tsisaga, na Wakisii wanaiita chinsaga. Aliyelelewa nayo anajua kwamba ni mboga chungu, na kwamba dawa ya uchungu wake ni maziwa na usiku. Unaichemsha, unaitia maziwa, unaiacha ilale. Kesho unaipasha moto taratibu, unaongeza maziwa, inalala tena. Siku ya tatu majani yamelegea, maziwa yamezama ndani yake, na uchungu uliobaki ni ule tu unaokufanya urudishe mkono kwenye sahani. Nyanya yangu hakuwahi kumwekea mgeni mboga hiyo siku ile ile iliyochumwa. Angeona haya.

Msimamizi alimsimamisha langoni. Chakula kilichopikwa hakiingii. Mama hakubishana. Alimimina akeyo yake kwenye ndoo ndogo yenye kifuniko, akamwachia binti yake aliyekaa nje kwenye kivuli, kisha akamtuma kijana wa bodaboda mafungu ya akeyo mbichi sokoni Jubilee. Chungu kitupu alikiomba akipikie. Akaambiwa hapana, majiko ni ya gesi na kila mtu atatumia sufuria za mdhamini. Lakini mwongozaji wa kipindi alikipenda kile chungu. Aliagiza kiwekwe mbele ya meza ya majaji, mahali kamera ingekiona vizuri.

Nyuma ya washiriki kulikuwa na kabati la vyakula, ruhusa kwa wote. Nililipitia kwa macho tukisubiri taa. Mlikuwa na tomato sosi ya chupa, mtindi, soseji, vipande vya supu kavu, na chizi ngumu ya manjano. Nafundisha mambo ya maziwa, kwa hiyo najua chizi ya namna hiyo hukaa miezi kiwandani ikikomaa kabla ya kufika dukani. Miezi hiyo haikuhesabiwa ndani ya dakika 60. Siku mbili za mama wa Dunga zilihesabiwa, zikaitwa udanganyifu. Niliyaona yote mawili kwa wakati mmoja, kabati mbele yangu na ndoo kule langoni, na sikufungua mdomo. Nilijiambia sheria ni sheria, na kwamba nimealikwa kuonja tu.

Katikati ya muda tuliruhusiwa kupita kwenye majiko. Nilimkuta ameshamwaga maji ya kwanza, ya kijani kibichi, na anachemsha mara ya pili. Alisema kwa sauti ya chini, bila kuniangalia, kwa sababu kulikuwa na kipaza sauti kifuani pake:

"Mwalimu, hii hata kwangu singempa mgeni."

"Mama, fanya unavyoweza," nikamwambia.

"Nyathina," akaniita, yaani mwanangu, "ninavyoweza iko kwa ndoo."

Akatia maziwa mapema kuliko anavyopaswa, kwa sababu saa ilikuwa inakimbia, na moto ulikuwa mkali. Yakakatika. Niliyaona yakigeuka chembe nyeupe juu ya majani, naye akazikoroga haraka kwa mwiko kana kwamba mkono ungezificha. Samaki wake, ngege wa kukaanga, lakini, alitoka safi kabisa, ngozi imekauka inalia chini ya kisu.

Halafu tulisubiri. Hilo wengi wanaotazama nyumbani hawalijui. Chakula kikiisha hakionjwi hapo hapo. Kwanza sahani zote 8 zilipigwa picha moja moja, taa zikahamishwa, mtu akafuta kingo za sahani kwa kitambaa. Mezani kwetu zilifika kwa zamu, na sahani ya tano ilifika zaidi ya nusu saa baada ya jiko kuzimwa. Ngozi ya ngege ilikuwa imelegea. Ugali ulikuwa umepoa na kuota ukoko juu. Nilinyoosha mkono nimege, mwongozaji akanizuia, akaomba nitumie uma, kwa kuwa vidole havipendezi kwenye kamera. Kwa hiyo nilikata ugali kwa uma. Haushiki mboga namna hiyo. Unavunjika, mboga inateleza, unaishia kula kimoja kimoja. Sijui nilikuwa naonja nini. Haikuwa chakula cha yule mama.

Mpishi mkuu alitafuna, akaweka uma chini. "Chungu sana," alisema, "na maziwa yameganda." Maneno ya kweli yote mawili. Mtangazaji alikunja uso, na kamera ikamsogelea.

Miezi minne kabla ya hapo, Aprili, nilikuwa nimewahadithia wanafunzi wangu kisa cha MasterChef ya Uingereza, shindano la mapishi la runinga. Mshiriki mzaliwa wa Malaysia, Zaleha Kadir Olpin, alipika nasi lemak, yaani wali wa tui, na kuku wa rendang, na jaji akalalamika kwamba ngozi ya kuku si kavu ya kukwaruza. Rendang ni kitoweo. Kuku huiva polepole ndani ya tui na viungo, ngozi yake haiwezi kukauka ikakwaruza. Watu wa Malaysia na Indonesia walikasirika, na hata balozi wa Uingereza kule Malaysia alisema hadharani kwamba rendang haiwi ya kukwaruza hivyo. Nilipiga meza darasani nikisema jaji asiyekijua chakula asikihukumu.

Basi yule jaji alikuwa na udhuru wa kutokujua. Mimi nilijua. Nilijua akeyo inatakiwa kuwaje, nilijua kwa nini ile haikuwa hivyo, na nilijua iliyo sawasawa iko hatua chache tu kutoka nilipokaa. Fomu iliniuliza ladha ya kilichopo kwenye sahani, nikajibu nilichoulizwa. Nne.

Aliyeshinda ni kijana aliyepika kuku kwa mchuzi wa krimu, chizi juu, viazi vya kuponda pembeni. Alipika vizuri na simwonei wivu hata kidogo. Hakuna aliyemnong'oneza mtu jibu wala aliyebadilisha fomu. Nasema hivi kwa sababu baadaye nilisoma jinsi mashindano ya maswali kwenye runinga ya Marekani yalivyochakachuliwa miaka ya 1950. Washiriki walikuwa wakipewa majibu mapema, mmoja wao, Charles Van Doren, akakiri mbele ya kamati ya bunge mwaka 1959, na mwaka 1960 ikatungwa sheria ya kuufanya udanganyifu huo kuwa kosa la jinai. Wizi wa namna hiyo una jina na una adhabu. Kwetu bustanini hapakuwa na mwizi. Kila mtu alifuata kanuni kikamilifu, na mama mmoja alikuwa ameshashindwa tangu langoni, kabla hajawasha jiko.

Ingewezekana kufanywa vingine. Msimamizi angeweza kukaa naye siku mbili kabla, aone anavyochemsha, afunge chungu kwa muhuri. Au chizi na sosi navyo vitolewe kabatini, wote waanze na kibichi. Na jaji aonje jikoni, chakula kikiwa na mvuke, kwa mkono kama kinahitaji mkono. Niliyaandika haya kwenye barua kwa watayarishaji wiki iliyofuata. Walinishukuru kwa maoni yangu.

Jioni ile nilitoka kwa lango la pili ili nisipite mbele ya binti na ndoo.

Siku tatu baadaye simu ililia. Alikuwa yeye, namba yangu alipewa na mtu wa hotelini. Nilijiandaa kuulizwa habari za alama. Alitaka chungu chake. Katika kufungasha vitu kilisahaulika, na walinzi walikuwa wakimzungusha kila alipokwenda kukiulizia. Mimi mwalimu labda wangenisikiliza.

Nilikikuta mapokezi, juu ya meza ndogo, kimetiwa maua ya plastiki. Nikayatoa, nikayaweka pale mezani, nikapanda tuktuk hadi Dunga na chungu mapajani. Mama alikipokea kwa mikono miwili, akakigonga kwa kifundo cha kidole kuzunguka tumbo lote huku amekitegea sikio. Hakikuwa na ufa. Alikisuuza, akakiweka juu ya mafiga, akatia mboga iliyokuwa imekwisha kuchemka, akachukua kibuyu cha maziwa.

"Hii italala leo na kesho," alisema. "Jumapili una kazi?"