Jinsi nilivyojifunza kusoma daftari la kodi la Kerkeosiris

Kigiriki nilikisoma chuo cha theolojia, Agano Jipya tupu. Nilipofungua hati za mafunjo za Kerkeosiris nilidhani zitasomeka kama Injili ya Marko. Wapi! Hapakuwa na sentensi. Majina, maneno yaliyokatwa katikati, alama nisizozijua, na namba juu ya namba.

Kerkeosiris kilikuwa kijiji cha Fayum, Misri, enzi za wafalme wa ukoo wa Ptolemaio. Karani wa kijiji aliitwa Menches. Ndiye aliyeandika nani kalima aroura ngapi (aroura moja ni kama theluthi mbili za ekari), kapanda ngano au dengu, na anadaiwa artaba ngapi za nafaka. Artaba ilikaribia madebe mawili. Hati hizo zilipokwisha kazi, zilitumika kufungia mizoga ya mamba watakatifu kule Tebtunis, mji wa jirani. Mwaka 1900 vibarua wa Grenfell na Hunt, wachimbuaji wa Kiingereza, walikuwa wanatafuta makaburi ya watu, wakawa wanafukua mamba tu. Mmoja akakasirika, akampasua mamba, na ndani yakatoka maandishi.

Kilichonikwamisha ni hesabu. Wagiriki waliandika namba kwa herufi, na hilo nililijua: gama ni 3, delta ni 4, iota ni 10. Nisichojua ni kwamba herufi ileile ikitiwa kistari hugeuka kuwa sehemu. Gama yenye kistari ni theluthi. Kwa hiyo kiwango cha kawaida cha kodi ya ardhi ya mfalme pale kijijini, delta, alama ya nusu, gama, iota-beta, nilikisoma 4, alama, 3, 12. Kila nilipojumlisha safu, jumla ya karani ilinikataa. Wiki mbili nzima.

Nimekulia Tanga, kati ya majirani waliogawana mirathi kwa theluthi, robo, sudusi na thumni. Usiku mmoja maneno hayo yakanirudia. Menches naye alikuwa anagawa hivyo! Nne, na nusu, na theluthi, na sehemu ya 12: yaani artaba 4 na 11/12 kwa kila aroura. Shamba la aroura 10 linatoa artaba 49 na sudusi. Nikarudi kwenye safu zangu, zikakubali moja baada ya nyingine. Tangu hapo siandiki tafsiri ya mstari wowote kabla ya kupiga hesabu yake. Neno ukilisoma vibaya, linaweza kukupita. Jumla haipiti.

Kutafsiri kwenyewe kulikuwa kwepesi kuliko nilivyohofia, maana Kiswahili kina neno "kodi". Mkulima wa ardhi ya mfalme alimlipa mwenye shamba, na mwenye shamba ndiye serikali. Sikulazimika kuchagua kati ya kodi ya pango na kodi ya serikali.

Majuzi nimesoma hati ya mwaka 119 KK iliyomrudisha Menches kazini. Sharti lake: alime kwa gharama yake aroura 10 za ardhi iliyoripotiwa kuwa haizai, alipe artaba 50 kwa mwaka. Nikachukua penseli. Ni artaba 5 kwa aroura, zaidi kidogo ya alichotozwa mkulima wa ardhi inayozaa.